Hofu Hupandwa, na Hung'olewa

Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Jambo hilo wanasaikolojia walikuja kulichunguza baadaye sana katika maabara zao. Nililirudia mara nyingi mbele ya walimu wanafunzi, maana linamhusu kila mtu anayelea watoto.

Saikolojia ilianza kujitenga na falsafa Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake mjini Leipzig, Ujerumani, mwaka 1879. Yeye alimtaka mtu ajichunguze na kueleza yanayopita akilini mwake. Sigmund Freud wa Vienna alichimba chini zaidi. Mwaka 1909 aliandika juu ya mtoto aliyeogopa farasi, akadai kuwa mzizi wa hofu hiyo ulikuwa mawazo yaliyofichika ya mtoto juu ya baba yake. Mwaka 1913 Mmarekani John B. Watson alizikataa njia za namna hiyo. Ya moyoni hayaonekani, alidai. Tuchunguze matendo tu.

Mwaka 1920 Watson na msaidizi wake, Rosalie Rayner, walitoa habari za mtoto waliyemwita Albert. Alikuwa na umri wa miezi 11, wala hakuogopa panya mweupe. Basi kila alipomgusa panya, chuma kiligongwa kwa nyundo nyuma yake. Baada ya mara chache tu, kumwona panya kulitosha kumliza. Hofu ikaenea hata kwa sungura na koti la manyoya. Albert aliondoka hospitalini bila ya kuondolewa hofu aliyopandiwa.

Kisa hicho hufundishwa vyuo vingi. Kinachosahaulika ni cha mwaka 1924. Mwanamke aitwaye Mary Cover Jones, kwa ushauri wa Watson huyo huyo, alimshughulikia mtoto Peter, aliyeogopa sungura. Mtoto alipewa chakula alichokipenda, na sungura akawekwa mbali. Siku kwa siku sungura akasogezwa. Wakati mwingine waliletwa watoto wenzake wasioogopa, wakacheza naye. Mwishowe Peter alimpapasa sungura kwa mkono wake.

Kwangu mimi, somo lenye thamani ni hilo la pili. Kupanda hofu kulihitaji nyundo na dakika chache. Kuing'oa kulihitaji chakula, wenzake na subira ya wiki nyingi. Mtoto anayetetemeka aonapo hesabu ubaoni huenda hakuzaliwa mjinga. Huenda aliwahi kuchapwa mbele ya hesabu hizo, naye sasa haogopi fimbo peke yake, bali namba, ubao, na hata mlango wa darasa. Mwalimu akimwongezea fimbo, anagonga chuma kile kile cha Watson. Ampe kwanza hesabu anayoiweza, amkalishe na wenzake wasioogopa, kisha amsogezee ile ngumu kidogo kidogo.