Hassan bin Omari Makunganya

Ukitafuta "jina la ukoo" la mtu wa Kilwa wa karne ya 19, utahangaika. Mtazame Hassan bin Omari Makunganya: Hassan ni lake mwenyewe. Bin Omari ni la baba. Makunganya ndilo lililobaki vinywani mwa watu. Alikuwa Myao, mkubwa wa misafara ya bara. Mwaka 1894 watu wake waliushambulia mji wa Kilwa Kivinje, kaskazini mwa Kilwa Masoko, uliokuwa mikononi mwa Wajerumani. Mwaka 1895 akakamatwa, akanyongwa hukohuko, mwembeni. Mwembe Kinyonga, wanauita wenyeji. Wajerumani walimwandika Hassan bin Omari, hivyo mjukuu amtafutaye katika maandishi yao kwa jina la Makunganya tu aweza kumpita asimwone. Mwenye wazee nyumbani awaulize mapema: bin nani? Naye bin nani? Kisha aandike.