Injini Ileile, Bodi Nyingine, Bei Zaidi ya Mara Nne

Tarehe 29 Septemba 2019, katika abasia ya kale ya Bonmont, kijijini Chéserex karibu na Geneva, kampuni ya mnada ya Bonhams ilipiga mnada magari 25 ya kifahari kwa mkupuo. Yalikuwa ya Teodoro Nguema Obiang Mangue, Makamu wa Rais wa Guinea ya Ikweta. Waendesha mashtaka wa Geneva walikuwa wameyashikilia katika uchunguzi wa fedha, uchunguzi uliofungwa mwaka huohuo kwa makubaliano, na mapato yakapangiwa miradi ya kijamii nchini humo. Lililotia fora ni Lamborghini Veneno Roadster, moja kati ya tisa zilizowahi kuundwa. Bei yake likiwa jipya ilikuwa euro milioni 3.3 kabla ya kodi. Siku hiyo lilichukuliwa kwa faranga za Uswisi milioni 8.28, na tangu litoke kiwandani lilikuwa halijatembea hata kilomita 500.

Ukiivua Veneno bodi yake, unakutana na Aventador, Lamborghini ya toleo la kawaida. Injini ni ileile ya silinda 12 na lita 6.5, nguvu zake zimepandishwa kutoka farasi 700 hadi 750. Kiunzi cha nyuzi za kaboni kinachombeba dereva ni kilekile. Mnunuzi amelipia vazi, na vazi hilo limepanda thamani kuliko amana nyingi za benki. Soko limesema bei ni halali. Mimi naona soko limejibu swali jingine, na historia ya kazi ya kuvika magari bodi ndiyo inayonifanya niseme hivyo.

Kuvika gari bodi si uzushi wa jana. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, tajiri wa Ulaya alinunua chesisi yenye injini na magurudumu, akaipeleka kwa fundi wa bodi aliyemwamini. Sisi huku kazi hii tunaijua: mabasi mengi ya Kenya huingia nchini yakiwa chesisi tupu, mafundi wetu ndio huyajengea umbo abiria analoliona. Italia ilikuwa na mabingwa wa fani hiyo. Bertone alianza Torino mwaka 1912. Ugo Zagato, aliyetoka kwenye viwanda vya ndege na kujifunza huko kwamba uzito ni adui, alifungua karakana yake Milano mwaka 1919. Pinin Farina akafuata mwaka 1930. Kilichowaponza ni teknolojia: viwanda vilipoanza kuunganisha bodi na chesisi kuwa kitu kimoja, fundi wa nje hakuwa tena na mahali pa kushika. Bertone ilifilisika mwaka 2014, na mwaka uliofuata Pininfarina ikaenda mikononi mwa Mahindra ya India.

Katika yote waliyoyatengeneza, gari linalofundisha zaidi kuhusu bei ni Aston Martin DB4 GT Zagato. Lilionyeshwa mara ya kwanza Earls Court, London, Oktoba 1960. Aston Martin walikuwa tayari na DB4 GT, gari zuri lakini zito mno kupambana na Ferrari. Chesisi zikapelekwa Milano. Mchoro ulikuwa wa kijana wa miaka 23, Ercole Spada, na mafundi wakagonga bodi ya alumini kwa mkono, kila gari peke yake, kiasi kwamba hakuna mawili yanayofanana sawasawa. Bampa zikaondolewa, vioo vya pembeni na nyuma vikawa vya plastiki ngumu, uzito ukapungua. Injini ya lita 3.7 ilikuwa na plagi mbili kwa kila silinda na ilitoa farasi 314. Bodi ile ilikuwa na kazi ya kufanya.

Na bado, halikuuzika. Kiwanda kilikusudia kutengeneza 25, kikaishia 19, kwa sababu wanunuzi hawakutokea. Uwanjani nako mambo hayakuwa mteremko. Mwaka 1961 yalipelekwa kwenye mashindano ya Le Mans, hakuna lililomaliza. Mwaka uliofuata, kwenye mashindano ya Tourist Trophy huko Goodwood, Jim Clark akiendesha gari lenye namba 2 VEV aliteleza, akamkumba John Surtees aliyekuwa kwenye Ferrari 250 GTO, wote wawili wakatoka. Gari lilipondeka, likatengenezwa, likaendelea na maisha yake. Julai 2018, palepale Goodwood, Bonhams waliliuza kwa zaidi ya pauni milioni 10.

Ninaitetea bei hiyo. Uchache wa magari yale 19 haukupangwa na mtu. Ulitokana na hatari ambayo kiwanda kiliibeba na kupata hasara, na thamani ikaja baadaye kwa sababu kuna watu walioendesha, wakagonga, wakashindwa na kushinda ndani yake.

Sasa tazama walichofanya warithi wa jina hilo. Mwaka 2018 Aston Martin ilitangaza kuunda upya magari 19 ya mtindo uleule, idadi ileile ya zamani. Hayakuwa na ruhusa ya kuingia barabarani, ni ya uwanjani tu, na hukuweza kununua moja peke yake: lilifungwa pamoja na jingine la kisasa, DBS GT Zagato, yote mawili pauni milioni 6 bila kodi. Idadi iliyokuwa kovu la biashara iliyokwama imegeuzwa kuwa chambo. Miaka miwili kabla ya hapo walizindua Vanquish Zagato, toleo la magari 99. Kisha 99 ya paa la kukunja. Kisha 28 ya wazi na 99 ya mgongo mrefu. Ukijumlisha unapata 325, na kila mnunuzi aliambiwa, bila uongo wowote, kwamba toleo lake ni adimu.

Bugatti ndio wanaoonyesha hesabu hii waziwazi. Chiron ilitangazwa mwaka 2016 kwa euro milioni 2.4, magari 500. Mwaka 2018 ikaja Divo, 40 tu kwa euro milioni 5, na aliyetaka alipaswa kwanza kuwa mteja wa Chiron. Mwaka 2019 ikaja Centodieci, 10 kwa euro milioni 8. Mwaka huohuo gari moja pekee, La Voiture Noire, likauzwa kwa euro milioni 11 kabla ya kodi. Yote yana injini ileile ya silinda 16 na lita 8, na kiunzi cha ukoo mmoja.

Haki itendeke: Divo iliguswa kweli. Ni nyepesi kwa kilo 35, hukata kona vizuri zaidi, na katika uwanja wa majaribio wa Nardò iliishinda Chiron kwa sekunde 8, ingawa kasi yake ya juu imepunguzwa hadi kilomita 380 kwa saa. Tena kusanifu bodi, kuijaribu na kuipatia vibali ni gharama kubwa, na ukiigawa kwa magari 10 badala ya 500, kila mmoja hubeba mzigo mzito. Hilo linaeleza bei imetoka wapi. Thamani ni jambo jingine. Centodieci ni heshima kwa EB110 ya miaka ya 1990, gari lililokuwa na injini yake, turbo nne na kiunzi chake cha kaboni, na ambalo kampuni iliyoliunda ilifilisika mwaka 1995. Mwenye euro milioni 8 angeweza kununua EB110 yenyewe na kubaki na mamilioni mkononi. Mimi ningemshauri afanye hivyo.

Hata waasisi wamelalamika. Lamborghini ilipoifufua Countach mwaka 2021, magari 112 yaliyojengwa juu ya misingi ya Aventador, Marcello Gandini, aliyechora Countach ya kwanza, alijitenga nayo hadharani.

Lakini siwezi kuyaweka yote kapu moja, kwa sababu ya Mmarekani James Glickenhaus. Alinunua Ferrari Enzo, akawapa Pininfarina waivishe upya kwa kukumbuka magari ya mbio ya Ferrari ya miaka ya 1960. Jason Castriota alichora, na mwaka 2006 gari likaonyeshwa Pebble Beach, California, kwa jina la P4/5. Gharama ilitajwa kuwa dola milioni 4. Hakuna kiwanda kilichompanga foleni, wala hakuagiza ili auze. Alitumia gari lake barabarani, kisha akaunda ndugu yake wa mashindano, P4/5 Competizione, aliyekimbia saa 24 za Nürburgring mwaka 2011 na tena mwaka 2012. Leo kampuni yake hutengeneza magari yake yenyewe.