Kutoenea: Istilahi ya Kichwa na Nyonga katika Uzazi wa Kwanza

Miongoni mwa istilahi za ukunga zilizopatiwa Kiswahili, ni chache zilizotendewa vibaya kama ile inayotaja hali ya kichwa cha mtoto kushindwa kupita katika fupanyonga la mama wakati wa kujifungua. Wodini hali hiyo huitwa "njia ndogo", na katika vitini, ambamo kamati zimezoea kutafsiri neno kwa neno kisha zikavunja kikao, huitwa "kutolingana kwa kichwa na nyonga". Makala hii inashikilia kwamba jina la kwanza linamsingizia mama na la pili linakosea vipimo, ilhali lugha imekuwa nacho siku zote kitenzi kinachofaa, nacho ni kuenea.

Ubaya wa "njia ndogo" huanza katika neno "njia" lenyewe, kwa kuwa mkunga yuleyule anayemwambia mama kwamba njia imefunguka sentimita sita anazungumzia shingo ya kizazi, ambayo ni nyama na hufunguka, na baada ya saa chache anapomwambia kwamba njia ni ndogo anazungumzia mfupa, ambao haufunguki. Mama aliyebeba kifungua mimba, ambaye hajawahi kusikia maneno hayo yakitumiwa juu ya mwili wake, hana namna ya kutenganisha maana hizo mbili. Zaidi ya hayo, "ndogo" ni kivumishi, na kivumishi hakina wakati: mwanamke wa Mlabani, mjini Ifakara, aliyeambiwa hivyo mara moja atakwenda na neno hilo kliniki katika mimba ya pili na ya tatu, kama anavyokwenda na urefu wake ulioandikwa kwenye kadi, ambamo chini ya sentimita 150 huhesabiwa kuwa dalili ya hatari. Urefu, hata hivyo, haubadiliki kutoka mimba hadi mimba, lakini kinachoitwa njia ndogo kinaweza kubadilika kabisa.

Sababu yake imo katika vipimo vyenyewe. Kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi, akiwa ameinamisha kidevu kifuani, hujitokeza kwa upana wa sentimita 9.5 hivi, na sehemu nyembamba ya nyonga ya kawaida, baina ya miiba miwili ya mfupa, ina sentimita 10.5 hivi. Mtoto huyohuyo akiinua kidevu, kichwa hujitokeza kwa sentimita 11.5 hivi, bila uzito wake kuongezeka hata gramu moja. Tena mifupa ya fuvu lake haijaungana, hupandana kidogo chini ya nguvu ya uchungu, na mkunga huandika kiasi cha kupandana huko kwa alama za kujumlisha katika patografu, ule mchoro wa maendeleo ya uchungu ambao Philpott na Castle waliueleza mwaka 1972 kutokana na kazi yao katika nchi ambayo sasa ni Zimbabwe. Kwa mama wa mimba ya kwanza, ambaye hana uzazi uliotangulia wa kupimia, ni uchungu wenyewe unaoamua, si mkanda wa kupimia tumbo wala ultrasaundi, ambayo makadirio yake ya uzito mara nyingi hupotoka kwa asilimia kumi au zaidi, hasa kwa watoto wakubwa. Ni kweli kwamba mtoto anayezidi gramu 4,000 huongeza uwezekano wa upasuaji, wa kuchanika na wa mabega kukwama, na hilo lisifichwe. Lakini chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani hakishauri kufikiria upasuaji uliopangwa kwa sababu ya uzito peke yake mpaka makadirio yafike gramu 5,000, au 4,500 kwa mama mwenye kisukari.

Kuhusu "kutolingana", inashangaza kwamba tafsiri hiyo ilipita mikono ya watu waliosoma jometri. Maumbo mawili hulingana yanapokuwa sawa, na kichwa kinachotakiwa kupita hakitakiwi kuwa sawa na nyonga bali kiwe pungufu yake. Kikilingana nayo hasa, hapo ndipo kitakapokwama. Wanaoitetea hudai kwamba kulingana kuna maana pia ya kupatana, dai ambalo ni sahihi kwa sauti za waimbaji na halina msaada wowote kwa mfupa.

Kuenea ni kitenzi cha ukoo mpana. Leo maana yake inayotangulia ni kutapakaa, kama habari au maradhi, lakini maana ya kukaa mahali kwa kipimo kinachotosha ni hai vilevile: kanzu humwenea mtu, na abiria huenea garini. Kutokana nacho limepatikana eneo, yaani mahali ambapo kitu kimeenea, na kamusi za zamani zinaweka katika ukoo huohuo kuenenza, yaani kupima kitu kwa kingine, pamoja na chenezo, ufito au kamba ya kupimia ambayo watu wa pwani waliitumia hata kwa kaburi. Ukoo huo wote unazungumzia kitu na nafasi yake, na hicho ndicho kinachotafutwa. Anayesema "kichwa hakikuenea nyongani" ametaja vyote viwili bila kumlaumu mmoja, na kwa kile kiambishi -ku- ametaja pia wakati: hakikuenea siku ile, kwa mtoto yule, kwa mkao ule. Kwamba istilahi iliyo wazi kiasi hiki imepuuzwa na watu waliopewa dhamana ya lugha, kwa hoja nyepesi kwamba wasomaji watadhani kichwa kimesambaa, ni jambo la kusikitisha. Hakuna abiria wa Ifakara aliyewahi kumwelewa hivyo kondakta anayesema watu wanaenea garini.

Wapo wanaoona kwamba "uzazi pingamizi" unatosha. Hautoshi, kwa kuwa huo ni matokeo, na matokeo hayo huletwa pia na mtoto aliyelala kimkingamo. Tofauti hii ina uzito katika bonde la Kilombero, ambako majira ya mpunga huwapeleka wanawake kwenye madungu ya mashambani, mbali na Hospitali ya Mtakatifu Francis iliyopo Ifakara, na ambako kabla ya Daraja la Magufuli kujengwa juu ya Mto Kilombero mgonjwa aliyetoka Ulanga alisubiri pantoni. Kutoenea kukitambuliwa mapema hakufiki kuwa pingamizi, wala hakufiki kwenye fistula.

Katika matumizi, nomino iwe kutoenea kwa kichwa, na kitenzi kifuate wakati.

Wanaoandaa vitini vya ukunga wanaombwa waifute "njia ndogo" kabisa, na mkunga anayemwandikia mama kadi ya kuruhusiwa aandike kwamba kichwa hakikuenea katika uzazi huu, aongeze uzito wa mtoto, mkao wa kichwa na sentimita ambazo shingo ya kizazi ilifikia. Wanawake wengi waliopasuliwa mara moja kwa sababu hii wamejifungua mtoto wa pili kwa njia ya kawaida, katika hospitali yenye chumba cha upasuaji.