Makali na kutu: Tanga na chuma cha Sheffield

Katika karne ya kwanza, mwandishi wa Kigiriki aliyeandika Periplus, kitabu cha kuwaelekeza mabaharia, aliorodhesha bidhaa zilizoshushwa Rhapta, soko la mwisho la pwani yetu: mikuki iliyofuliwa Muza, Yemen, kwa ajili ya biashara hiyo, pamoja na vishoka na majambia. Wanahistoria bado wanabishana Rhapta ilikuwa wapi. Wapo wanaoiweka karibu na Pangani, wengine delta ya Rufiji. Popote ilipokuwa, vyuma vyenye makali vimenunuliwa na kuuzwa katika pwani hii kwa miaka ipatayo 2,000.

Bara nako hakukukosa mafundi. Huko Ugweno, Upare, ukoo wa Washana ulisifika kwa uhunzi, na chuma cha Upare kiliwafikia Wachaga na Wamasai. Lakini chuma chochote, cha Washana au cha ng'ambo, kikishuka pwani kilikutana na upepo wa chumvi. Kisu kikilala bila kufutwa, huamka na kutu.

Kisha akaja adui mwingine wa chuma: mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, alileta miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyonusurika, 62 tu, ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya pili ya mto kutoka Pangani. Kufikia 1964 Tanganyika ilikuwa ikitoa takribani tani 230,000 za singa kwa mwaka, ikiongoza duniani. Nyuma ya tani hizo walikuwapo manamba, vibarua wa mashamba, na visu vyao, na mashine za korona zilizosaga majani na kuyapigapiga mpaka singa zikabaki peke yake. Utomvu wa mkonge una asidi, nao hula chuma.

Dawa ya kutu ilipatikana mbali na mashamba hayo. Agosti 1913, mjini Sheffield, Uingereza, Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi. Akayeyusha chuma chenye kromi asilimia 12.8 na kaboni asilimia 0.24, kikakataa kutu. Mwaka uliofuata Ernest Stuart, meneja wa kiwanda cha visu, alikijaribu kwa siki na kikabaki kinang'aa. Visu vya mwanzo, hata hivyo, vilikuwa butu, na mahasimu wa Brearley wakamwita mvumbuzi wa visu visivyokata. Mwaka huohuo Vita vya Kwanza vya Dunia vikaanza. Novemba majeshi ya Uingereza yalishindwa vibaya Tanga, na kule kwao chuma kipya kikaelekezwa kwenye vali za injini za ndege. Visu vya mezani vikasubiri amani.

Dhihaka ile ilikuwa na msingi. Kromi ikizidi kama asilimia 11, huungana na oksijeni ikafanya utando mwembamba usioonekana, unaozuia kutu na kujirudisha ukikwaruzwa. Ugumu wa makali ni kazi ya kaboni. Chuma hupashwa moto kama nyuzi 1,000 za Selsiasi, kisha hupozwa ghafla kwa mafuta au hewa. Kaboni hunaswa ndani, na muundo wa ndani wa chuma hukazika ukawa mgumu. Mwaka 1895 Floris Osmond, Mfaransa, aliuita muundo huo martensiti, kumuenzi Mjerumani Adolf Martens. Tatizo ni kwamba kaboni hujinyakulia sehemu ya kromi. Ukiongeza kaboni kwa ajili ya makali bila kuongeza kromi, umepunguza kinga.

Ndiyo maana vyuma hivi vya martensiti visivyoshika kutu vina madaraja. Daraja la 410 lina kaboni isiyozidi asilimia 0.15. Hutengenezewa bolti na shafti za pampu. La 420, ambalo mara nyingi huwa na kaboni ya asilimia 0.3 hadi 0.4, ni la visu vya jikoni na mikasi ya hospitali. La 440C lina kaboni karibu asilimia 1 na kromi asilimia 16 hadi 18. Hufanya beringi na visu ghali. Vyote huvutwa na sumaku. Sinki na vijiko vingi ni vya daraja la 304, lenye nikeli. Hilo hustahimili kutu zaidi, lakini haliwezi kukazwa kwa moto, na sumaku kwa kawaida hailishiki.

Turudi Tanga. Mto Pangani una mitambo ya umeme wa maji Hale, ya mwaka 1964 yenye megawati 21, na Maporomoko ya Pangani, iliyojengwa upya na kuzinduliwa 1995 ikiwa na megawati 68. Duniani kote magurudumu ya mitambo ya namna hiyo mara nyingi huwa ya chuma cha jamii ya martensiti, chenye kromi asilimia 13, nikeli 4 na kaboni kidogo sana. Hapo makali hayahitajiki. Kinachotakiwa ni uimara dhidi ya maji na mchanga.

Kwa anayepaa samaki soko la Deep Sea, Tanga, hesabu ni nyingine. Kisu chake cha 420 hakijasalimika na bahari: chumvi ikikaukia juu yake hukitoboa vishimo vidogo, kwa hiyo kioshwe maji baridi na kufutwa. Fundi akikinoa kwa mashine mpaka ukingo ugeuke buluu, ugumu umepotea. Mkulima wa Muheza naye bado ananunua panga la chuma cha kaboni. Linashika kutu, lakini ni rahisi na tupa hulirudishia makali palepale shambani. Miaka zaidi ya 100 baada ya Sheffield, mnunuzi bado anachagua kati ya makali na kinga, ila sasa uchaguzi huo umeandikwa kwa nambari.