Riba, Pango na Deni: Historia ya Msaada wa Makazi kwa Wenye Rehani na Wapangaji Nchini Uingereza, 1948–2023

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya msaada wa serikali katika gharama za makazi nchini Uingereza kwa kulinganisha makundi mawili ya watu waliopungukiwa na kipato: wapangaji, na wamiliki wanaoishi katika nyumba walizoziweka rehani. Yanaonesha kwamba makundi haya yalianza chini ya sheria moja mwaka 1948, yakatenganishwa kiutawala mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kuanzia 2018 yakawa yanapokea misaada ya aina mbili tofauti: ruzuku kwa mpangaji na mkopo kwa mmiliki. Makala yanatoa hoja kwamba msingi uliotumika kuhalalisha tofauti hiyo, yaani kutotumia fedha za umma kumjengea mtu mali, haukutumika kwa usawa.

1.0 Utangulizi

Mjadala wa sera za makazi kwa Kiswahili hukabiliwa na utata wa istilahi tangu hatua ya kwanza. Neno *kodi* hubeba dhana mbili: tozo inayolipwa serikalini na malipo ya mpangaji kwa mwenye nyumba. Kwa hiyo, kauli kama “nafuu ya kodi ya nyumba” inaweza kumaanisha punguzo la tozo kwa mmiliki au msaada kwa mpangaji, na makundi hayo mawili yana masilahi tofauti. Vilevile, *mwenye nyumba* katika matumizi ya kawaida ni yule anayepangisha, wala si lazima awe anayeishi ndani yake. Katika makala haya, *pango* ni malipo ya mpangaji, *kodi* ni tozo ya serikali, na *mmiliki-mkaazi* ni mtu anayeishi katika nyumba yake mwenyewe, hata kama ameiweka rehani. Utofautishaji huu ni wa lazima, kwa sababu historia inayosimuliwa hapa ni historia ya mipaka baina ya dhana hizo.

2.0 Chimbuko la Pamoja: 1948–1983

Sheria ya Msaada wa Taifa ya mwaka 1948 ilikamilisha kuvunjwa kwa mfumo wa kale wa sheria za maskini. Chini yake, mtu asiye na kipato cha kutosha alipewa fedha za kujikimu pamoja na gharama za makazi. Mpangaji alisaidiwa pango. Mmiliki-mkaazi alisaidiwa riba ya mkopo wake, lakini hakusaidiwa kurejesha mtaji. Mantiki ilikuwa kwamba riba ni gharama ya kukaa, kama lilivyo pango, ilhali kurejesha mtaji ni kujijengea mali. Kanuni hiyo haikuondoka hata baada ya mfumo kubadilishwa mwaka 1966.

Sambamba na msaada huo kulikuwa na nafuu ya pili, iliyopitia katika kodi. Mmiliki aliyekuwa akilipa riba alipunguziwa kodi ya mapato. Kuanzia 1983 punguzo hilo lilikatwa moja kwa moja katika malipo ya mkopo, kwa mikopo isiyozidi pauni 30,000. Gharama yake kwa hazina ilizidi pauni bilioni 7 katika mwaka wa fedha 1990/91. Aliyenufaika nalo ni yule aliyeweza kuendelea kulipa mkopo wake. Aliyeshindwa kulipa alibaki kutegemea msaada wa kujikimu.

3.0 Kutenganishwa: 1983–1995

Sheria ya mwaka 1982, iliyotekelezwa kikamilifu Aprili 1983, ilihamishia msaada wa pango katika serikali za mitaa. Msaada wa riba ulibaki katika idara ya serikali kuu. Badiliko hilo lilionekana kuwa la kiofisi tu, lakini tangu hapo kila msaada ulikuwa na kanuni zake, bajeti yake na wakosoaji wake.

Wakati huohuo, idadi ya wamiliki ilikuwa ikiongezeka. Sheria ya Makazi ya 1980 iliwapa wapangaji wa nyumba za halmashauri haki ya kuzinunua kwa bei ya punguzo. Wengi wa wamiliki hao wapya walikuwa wafanyakazi wa kipato cha chini, walioathirika upesi ajira zilipoyumba. Hata hivyo, mnamo Januari 1987 serikali ilipunguza msaada: mdai aliye chini ya miaka 60 alilipiwa nusu tu ya riba kwa wiki 16 za mwanzo.

Mwishoni mwa muongo huo riba ya msingi ilifikia karibu asilimia 15, bei za nyumba zikaanguka, na ukosefu wa ajira ukaongezeka. Mwaka 1991 pekee, nyumba zaidi ya 75,000 zilitwaliwa na wakopeshaji. Serikali ilijibu mwaka 1992 kwa kuagiza msaada wa riba ulipwe kwa mkopeshaji moja kwa moja. Hatua hiyo iliwahakikishia wakopeshaji malipo yao, lakini haikuongeza kiwango cha msaada.

4.0 Kutoka Ruzuku hadi Mkopo: 1995–2023

Oktoba 1995 ndipo mwelekeo ulipogeuka. Waliochukua mikopo baada ya tarehe mosi ya mwezi huo walitakiwa kusubiri wiki 39 kabla ya kupata msaada wowote. Kikomo cha mkopo uliohesabiwa, kilichokuwa pauni 150,000 mwaka 1993, kilikuwa kimeshushwa hadi 100,000. Ilitarajiwa kwamba wamiliki wangekata bima binafsi ili kujaza pengo hilo. Mwaka 2000 punguzo la kodi nalo lilifutwa kabisa.

Msukosuko wa fedha wa 2008 ulilegeza msimamo huo kwa muda. Januari 2009 kipindi cha kusubiri kilipunguzwa hadi wiki 13, na kikomo kikapandishwa hadi pauni 200,000 kwa wadai wapya wa umri wa kufanya kazi. Oktoba 2010 kiwango cha riba kilichotumika kukokotoa msaada kilishushwa kutoka asilimia 6.08 hadi 3.63. Aprili 2016 wiki 39 zilirejeshwa. Hatimaye, tarehe 6 Aprili 2018, msaada wenyewe ulikoma kuwa ruzuku na ukawa mkopo wa serikali unaodhaminiwa na nyumba, wenye riba juu yake, unaolipwa nyumba inapouzwa au mmiliki anapofariki. Idadi ya wapokeaji ilishuka sana. Aprili 2023 muda wa kusubiri ulifupishwa hadi miezi mitatu, na waliokuwa na kipato kidogo cha kazi wakaruhusiwa kuomba. Lakini deni lilibaki kuwa deni.

Mpangaji naye hakusalimika. Kuanzia 2011, viwango vya msaada kwa nyumba za watu binafsi vilikadiriwa kwa asilimia 30 ya chini ya mapango ya eneo husika, badala ya kiwango cha kati. Viliganda kwa miaka minne kuanzia 2016. Aprili 2013, mpangaji wa nyumba za jamii aliyehesabiwa kuwa na chumba cha ziada alikatwa asilimia 14 ya pango linalostahili msaada, na asilimia 25 kwa vyumba viwili au zaidi. Kwa hiyo mpangaji alipewa ruzuku isiyotosha, na mmiliki akapewa mkopo uliochelewa.

5.0 Mjadala

Hoja kuu iliyotetea badiliko la 2018 ni ya haki: mlipakodi, ambaye pengine ni mpangaji asiyemudu kununua nyumba, hapaswi kumsaidia mwingine kuhifadhi mali ambayo thamani yake hupanda. Hoja hii ina uzito. Mmiliki aliyelipiwa riba kwa miaka kumi alibaki na nyumba. Mpangaji aliyelipiwa pango kwa muda huohuo hakubaki na kitu.

Hata hivyo, hoja hiyo inasahau anakoishia msaada wa pango. Tangu 1996, wakopeshaji wa Uingereza wamekuwa wakitoa mikopo maalumu ya kununulia nyumba za kupangisha. Mpangaji anapolipiwa pango, fedha hizo zinaweza kulipia riba ya mwenye nyumba, na hata mtaji wake. Serikali iliyokataa tangu 1948 kulipa mtaji wa mmiliki-mkaazi maskini imekuwa ikichangia, kwa njia ya mzunguko, mtaji wa mpangishaji. Katika miaka ya 2010, msaada wa pango ulizidi pauni bilioni 20 kwa mwaka. Aidha, mmiliki anayenyang’anywa nyumba haondoki katika bajeti ya umma: huwa mpangaji anayeweza kustahili msaada wa pango, na kutokana na wajibu ulioanzishwa na sheria ya 1977 kuhusu wasio na makazi, halmashauri inaweza kulazimika kumpatia mahali pa kuishi.

Utata mwingine umo katika mpangilio wa wakati. Kwa miongo kadhaa, nafuu kubwa ilimfuata mmiliki mwenye uwezo wa kulipa, na masharti magumu yakamwangukia aliyepoteza kazi. Punguzo la kodi halikuitwa msaada wa jamii, na kwa hiyo halikupata lawama ambazo msaada wa jamii huzipata. Hapa istilahi ilifanya kazi ya kisiasa: fedha iliyoitwa *nafuu* ilionekana kuwa haki, na iliyoitwa *msaada* ikaonekana kuwa mzigo.

6.0 Hitimisho

Historia hii ina funzo kwa Afrika Mashariki, ambako mikopo ya rehani ingali ya wachache na wakazi wengi wa mijini ni wapangaji. Nchini Kenya, sheria inamruhusu mlipakodi kuondoa riba ya mkopo wa nyumba anayoishi, hadi shilingi 360,000 kwa mwaka tangu mwishoni mwa 2024, katika kipato kinachotozwa kodi. Mpangaji hana kifungu kinacholingana na hicho kwa pango lake. Jambo hilo si kosa kwa lenyewe, iwapo lengo ni kuhamasisha umiliki. Lakini Uingereza inaonesha kwamba sera inayompa mtu motisha ya kukopa bila kuamua mapema atasaidiwaje akikosa kipato hulipiwa baadaye, na mara nyingi hulipiwa na asiyeweza. Waandaaji wa sera wanashauriwa kuuliza maswali matatu kwa kila mpango wa makazi: fedha inaingia mkononi mwa nani, inaishia kwa nani, na nani anabaki na deni. Maswali hayo yatajibika kwa Kiswahili endapo nyaraka za sera zitatenganisha kodi na pango, na mmiliki-mkaazi na mpangishaji.