Kitambi Si Akiba: Kuuelewa Unene wa Kupindukia

Kiribatumbo, au unene wa kupindukia kama wengi tunavyouita, ni hali ya mwili kulimbikiza mafuta hadi afya ikaanza kudhurika. Kipimo chake cha kawaida kinatokana na kazi ya Adolphe Quetelet, mwanahisabati Mbelgiji wa karne ya 19: uzito kwa kilo hugawanywa kwa urefu kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu mzima wa kilo 85 mwenye urefu wa mita 1.65 hupata 31. Kuanzia 25 uzito umezidi. Kuanzia 30 ni kiribatumbo. Hesabu hii ni nyepesi, lakini haionyeshi mafuta yamekaa wapi, na hapo ndipo penye hatari.

Mafuta ya mapajani na makalioni hayana madhara makubwa kama yale yanayojazana ndani ya tumbo, kuzunguka ini, kongosho na utumbo. Haya ya ndani hayatulii kama mahindi ghalani. Humwaga asidi za mafuta kwenye ini, na hutoa kemikali zinazoamsha kinga ya mwili kana kwamba kuna kidonda. Polepole ini na misuli huacha kuitikia insulini, homoni inayosaidia sukari kuingia katika seli. Kongosho hufidia kwa kutoa insulini zaidi, na likielemewa, sukari hupanda katika damu. Hicho ndicho kisukari cha aina ya pili, na mtu anaweza kukaa nacho miaka bila kujua. Shinikizo la damu hupanda pia, magoti husagika, na koo lililobanwa na mafuta humkata mtu pumzi usingizini, akaamka amechoka. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walihusisha unene na aina 13 za saratani, ikiwemo ya utumbo mpana na ya matiti baada ya hedhi kukoma.

Kwetu tatizo linakua kwa kasi. Nchini Kenya, wanawake wa umri wa kuzaa wenye uzito uliozidi au kiribatumbo walikuwa 25% mwaka 2008/09; kufikia 2022 walikuwa 45%. Bodaboda imechukua nafasi ya mwendo wa miguu, soda imechukua nafasi ya maji, na chipsi mayai hupatikana kila kona hadi usiku. Nyumba moja huweza kuwa na mama mnene na mtoto aliyedumaa, kwa sababu sufuria ina wanga na mafuta tele, lakini maharage, mboga na samaki ni haba.

Kuna jambo jingine ambalo mizani haipimi. Kwa vizazi vingi kitambi kimesomwa kama dalili ya mambo kumnyookea mtu. Tunamwambia mwenzetu "umenawiri" tukimaanisha amenenepa. Kisha miaka ya 1980 na 1990, dawa za kufubaza virusi vya ukimwi zilipokuwa hazijatufikia wengi wetu, kukonda kukawa tangazo la msiba. Woga huo haujaisha: anayepunguza uzito kwa makusudi bado huulizwa kwa sauti ya chini kama anaumwa.

Wakati huohuo tunamcheka aliyenenepa sana, tukimwita bonge na kumhukumu kwa ulafi na uvivu. Hukumu hiyo si ya haki. Mwaka 1994 maabara ya Jeffrey Friedman, New York, iligundua leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta yenyewe kuuarifu ubongo kiasi cha akiba. Mtu akipungua, leptini hushuka, njaa huzidi, na mwili hubana matumizi ya nguvu. Ndiyo maana wengi hurudia uzito wa zamani. Dhihaka huwaongezea huzuni tu, na wengine huikimbia zahanati kwa sababu yake.

Si lazima mtu awe mwembamba ndipo apone. Kupungua 5% tu, yaani kama kilo nne kwa yule wa kilo 85, kunaweza kushusha sukari na shinikizo la damu. Basi azima futi ya fundi cherehani, toa pumzi, pima kiuno katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Kikizidi nusu ya urefu wako, nenda kapime sukari na presha wiki hii.