Kutoka Duka hadi Toninyira: Siasa ya Kununua Chakula Kampala

Mwanafunzi anayekaa Kibuli akiulizwa ananunua wapi chakula, atataja mahali pengi kwa pumzi moja: soko la Kibuli kwa nyanya za leo, Owino kwa maharage ya mwezi mzima, Kalerwe kwa mkungu wa matooke, Nakasero akipata mgeni, na supamaketi siku fedha za nyumbani zinapofika. Huwa tunayataja kana kwamba yamekuwapo tangu zamani na tofauti yake ni bei tu. Mimi naona kila moja lina mwaka wake na ugomvi wake. Swali lililorudi mara kwa mara katika historia ya mji huu halikuwa chakula kiko wapi, bali nani anaruhusiwa kukiuza.

Nianze na neno lenyewe. Waganda husema edduuka, nalo ni duka letu la Kiswahili, lenye asili ya Kiarabu. Wafanyabiashara wa pwani walifika katika ikulu ya Kabaka Suna katika miaka ya 1840, wakileta nguo, shanga na bunduki na kuondoka na pembe za ndovu. Baadaye Alidina Visram, mfanyabiashara kutoka Kutch aliyefariki mwaka 1916, alifungua maduka kuanzia pwani hadi Uganda akifuata njia za misafara, kisha reli. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na Kampala yenyewe mwaka 1931. Inapita hapa chini ya kilima chetu. Kwa hiyo chumvi, sukari na sabuni zilizoea kupatikana kwa Mhindi, na ndizi na viazi kwa Mwafrika sokoni. Mgawanyo huu haukuwa wa bahati. Serikali ya kikoloni iliupanga kwa leseni na kwa ramani ya mji. Jengo la soko la Nakasero, lililojengwa mwaka 1927, liko chini ya kilima walichokaa Wazungu, hatua chache kutoka mitaa ya maduka ya Wahindi, na hadi leo wachuuzi wa pale wanapanga matunda kwa unadhifu ambao wa Owino hawana muda nao.

Nyama ilikuwa na utaratibu mwingine. Katika Buganda uchinjaji ulishikwa na Waislamu kwa muda mrefu, na Kibuli, kilima ambacho ardhi yake ilitolewa na Mwanamfalme Badru Kakungulu kwa ajili ya msikiti na shule, ni mahali ambapo mnunuzi bado huuliza nani amechinja kabla ya kuuliza bei ya kilo.

Mwaka 1959 mgawanyo huo ulipasuka. Chama cha Uganda National Movement, Augustine Kamya akiwa miongoni mwa viongozi wake, kiliwataka watu wa Buganda wasinunue kitu katika maduka ya Waasia. Chanzo cha karibu kilikuwa cha kikatiba, yaani kupinga viti maalumu vya jamii ndogo katika Baraza la Kutunga Sheria, lakini silaha iliyochaguliwa ilikuwa kikapu. Serikali ilikipiga marufuku chama na kuwahamishia viongozi wake mbali. Vitabu vingi vya shule hulitaja jambo hili kwa sentensi moja na kukimbilia uhuru wa 1962. Naona hilo ni kosa. Mgomo ule ulionyesha kwamba mwanamke anayekwenda kununua chumvi anaweza kulazimishwa kuchagua upande wa siasa, na kwamba akionekana akitoka katika duka lisilotakiwa anaweza kupigwa njiani.

Idi Amin aliichukua hoja hiyohiyo na kuifikisha mwisho. Mwezi Agosti 1972 aliwapa Waasia siku 90 kuondoka. Maduka yaligawiwa, mengi kwa wanajeshi na watu wa karibu nao. Wengi wao hawakujua bidhaa huagizwa wapi wala kwa fedha gani. Viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi, vilivyokuwa vya familia za Madhvani na Mehta, vilizorota, na nchi iliyokuwa ikitengeneza sukari yake ikaanza kuipangia layini.

Jjajja wangu, aliyekuwa akiishi chini ya msikiti wakati huo, anasimulia kwamba watu walijipanga kwanza, kisha ndipo wakauliza kinachouzwa ni nini. Ukiona layini unaingia. Inaweza kuwa sabuni, inaweza kuwa chumvi, na inaweza kwisha mbele yako. Anasema walijifunza kunywa chai kavu, na wageni wakija sukari ilitolewa kwa kijiko kimoja kilichokuwa kikizunguka meza nzima.

Katika miaka hiyo Kiswahili kiliipa Uganda maneno mawili ambayo hayajasahaulika. La kwanza ni magendo, lililoenea mpaka likaingia katika maandishi ya Kiingereza ya wanauchumi bila kutafsiriwa. Kahawa ilivushwa kwenda Kenya, hasa bei ilipopanda duniani mwaka 1976 na 1977, na bidhaa za dukani zikarudi kwa njia hiyohiyo. La pili ni mafuta mingi, jina la wale waliotajirika kwa maduka ya kugawiwa. Mwalimu wa sarufi angesahihisha mara moja: mafuta mengi. Lakini mwanahistoria asisahihishe. Upatanisho ule uliovunjika ni ushahidi, kwani unatuambia neno lilizaliwa katika Kiswahili cha kambini na cha mtaani, si cha darasani.

Wenzetu husema kwamba Waganda wanakichukia Kiswahili kwa sababu kilikuwa lugha ya askari kwenye vizuizi vya barabarani. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, wakati ambapo duka lilikuwa tupu. Mtu alikisikia kwa askari, kisha akakisikia tena kwa mwenye duka asiye na sukari. Hata hivyo hakuna aliyelibadili neno edduuka. Lilikuwa limeingia kabla ya bunduki za Amin, kwa njia ya chumvi na kitambaa, na lilibaki.

Owino nalo ni zao la kipindi hicho. Lilianza mwaka 1971 kando ya uwanja wa Nakivubo, na wachuuzi husimulia kwamba limeitwa kwa jina la mzee mmoja aliyekuwa miongoni mwa wauzaji wa mwanzo. Jina rasmi ni Mtakatifu Balikuddembe, shahidi wa dini aliyeuawa mwaka 1885, lakini sijasikia kondakta wa teksi akiliita hivyo. Limeungua zaidi ya mara moja, likiwemo lile janga la mwaka 2009, na kila mara wachuuzi wamerudi kabla majivu hayajapoa.

Supamaketi za kigeni hazikuwa na uvumilivu huo. Shoprite ya Afrika Kusini iliingia mwaka 2000 na kuondoka 2021. Uchumi na Nakumatt za Kenya zilifunga, ya kwanza mwaka 2015, ya pili 2017, wakulima na wauzaji walioziletea bidhaa wakibaki wanadai. Wakati wa korona, Machi 2020, Rais alipoamuru wauza chakula walale sokoni ili mji usikose kula, waliotandika mikeka na kufunga vyandarua walikuwa wanawake wa Nakasero na masoko mengine.

Wengine hawana hata soko la kulala. Hao ni wa toninyira mukange, yaani "usinikanyagie changu", soko la jioni linalotandikwa chini kandokando ya barabara watu wakitoka kazini. Kibuli inalo: mafungu ya nyanya juu ya gunia, taa ndogo, na sauti inayokuita "kasitoma" hata kama hujawahi kununua. Januari 2022 mamlaka ya jiji iliwaondoa wachuuzi barabarani kwa jina la usafi na mpangilio. Walihama, wakarudi wachache, wakafukuzwa tena. Mfanyakazi wa viwanda vya Mukwano Road anayetoka saa moja usiku hukuta masoko yenye paa yakifungwa, na kama fungu la shilingi elfu moja halipo njiani, nyumbani kwake hapapikwi mchuzi.